Kompyuta Isitupangie Mwendo: Jinsi ya Kubadili Kasi Ndani ya Wimbo Mmoja



Wenzetu wapigao muziki katika bendi, mahotelini na makanisani wametuuliza swali moja mara nyingi, nasi tumeona heri tulijibu katika kurasa hizi ili faida iwafikie wote. Swali lenyewe ni hili. Bendi ina wimbo unaoanza polepole na kumalizika kwa kasi. Inapofika studio inaambiwa kwamba kompyuta haikubali ila mwendo mmoja tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Je, ni kweli?

Jibu letu ni fupi: si kweli. Programu kubwa za kurekodia zinazotumika studioni siku hizi, kama vile Cubase, Logic, Pro Tools, Ableton Live, FL Studio na Reaper, zote zinaweza kubadili mwendo wa wimbo katikati, mara moja au mara mia. Lililo kweli ni kwamba kazi hiyo yataka kupangwa kabla ya kurekodi. Ikiachwa hadi sauti zote zimekwisha kuingia, huwa ngumu, hula saa nyingi, na huharibu sauti. Kwa hiyo yafaa kila mwanamuziki, na si fundi mitambo peke yake, afahamu jinsi mambo yanavyokwenda.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA WAFANYAKAZI

Mtu aweza kusema kwamba mwendo wa wimbo ni jambo la ufundi tu, na kwamba halina nafasi katika jarida la chama. Sisi twaona vingine. Mwanamuziki ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na saa za studio zina bei. Bendi ikiambiwa kwamba wimbo wake hauwezi kurekodiwa jinsi ulivyo, hutokea mojawapo ya mambo matatu.

Kwanza, wimbo husawazishwa. Huchaguliwa mwendo wa katikati, usio wa mwanzo wala wa mwisho, na wimbo wote ukapigwa hivyo. Pili, wimbo hukatwa, ile sehemu ya mwisho iliyokuwa ikiwainua watu vitini ikaachwa nje. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mpiga dramu huondolewa kwa madai kwamba hawezi kufuata kliki, na mahali pake ikawekwa mashine. Mtu huyo amefanya kazi na bendi yake kwa miaka. Siku hiyo anarudi nyumbani bila malipo na jina lake halitajwi katika wimbo. Na mara nyingi hakukosea kitu chochote: alipandisha mwendo mahali pale pale ambapo bendi nzima huupandisha kila Jumamosi.

Basi, tukijua chombo kinaweza nini na hakiwezi nini, hatutaambiwa "haiwezekani" pale ambapo inawezekana.

WIMBO WA MIENDO MIWILI SI JAMBO GENI KWETU

Sisi wa Uganda, pamoja na jirani zetu wa Kenya na Tanzania, tumelelewa na rumba ya Kongo, na rumba hiyo ina desturi ya kugawa wimbo. Mwanzoni ni maimbo ya taratibu, maneno yasikike na watu wacheze wawili wawili. Baadaye huja sebene, ambapo magitaa hushika usukani, maneno hupungua, na uwanja hujaa. Bendi ya OK Jazz, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, ilikuwa miongoni mwa zile zilizoikuza sebene. Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, iliwapa vijana wa miaka ya 1970 sebene kali zaidi iliyoongozwa na dramu na magitaa badala ya matarumbeta. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Wazee wetu watakumbuka pia zile santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha kubeba wimbo mzima, kwa hiyo nyimbo nyingi ziligawiwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Ulipoigeuza santuri, mara nyingi ndipo sebene ilipokuwa inakungoja.

Katika siku hizo hakuna aliyeuliza kama mashine inakubali. Bendi nzima iliingia chumbani, kipaza sauti kikafunguliwa, tepu ikazunguka kwa kasi ile ile, na wapigaji wakaenda watakavyo. Tepu haikuwa na habari ya mipigo. Ilihifadhi kile ilichopewa. Kompyuta nayo yaweza kufanya hivyo hivyo, lakini kwa kawaida inafanya jambo moja zaidi: inahesabu. Hapo ndipo penye faida na ndipo penye matatizo.

KOMPYUTA INAHESABU NINI

Mwendo wa wimbo, au tempo kama tuzoeavyo kuiita, hupimwa kwa idadi ya mipigo katika dakika moja. Tempo ya 60 maana yake ni pigo moja kwa kila sekunde. Tempo ya 120 ni mapigo mawili kwa sekunde. Ukifungua programu yoyote ya muziki utaiona namba hiyo juu ya kioo, mara nyingi ikiwa 120, kwa sababu programu nyingi huanzia hapo. Namba hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Si sheria ya wimbo.

Kutokana na namba hiyo kompyuta huchora mistari kama ya daftari la hesabu, ambayo mafundi huiita gridi. Mapigo manne yakikusanywa hufanya fungu moja. Sisi hapa tutaliita kipimo. Kliki unayosikia katika hedifoni inatoka katika gridi hiyo. Kinanda cha umeme, mashine ya ngoma na mwangwi unaoongezwa katika sauti, vyote vyaweza kufungwa katika gridi hiyo.

Tuchukue mfano wa wimbo mmoja, tufanye hesabu pamoja. Sehemu ya kuimba ina tempo ya 96, na sebene yake ina tempo ya 128. Wanachama wanaweza kupima wimbo wao bila chombo chochote ila saa. Hesabu mapigo ya mguu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Ukipata mapigo 24, tempo ni 96. Ukipata mapigo 32, tempo ni 128.

Katika tempo ya 96, kipimo kimoja cha mapigo manne huchukua sekunde 2.5 kamili. Vipimo 48 vya kuimba vitachukua sekunde 120, yaani dakika 2. Katika tempo ya 128, kipimo kimoja huchukua sekunde 1.875 tu. Kwa hiyo vipimo 64 vya sebene navyo vitachukua dakika 2.

Sasa tutazame inakuwaje fundi anaposema, "Tuweke 112 wimbo wote, ni katikati." Ni kweli, 112 ni katikati ya 96 na 128. Lakini zile dakika 2 za kuimba zitapungua hadi kama sekunde 103. Mwimbaji amenyang'anywa sekunde 17 za kupumua na kutamka. Na zile dakika 2 za sebene zitarefuka hadi kama sekunde 137, yaani sebene imelegea. Hakuna aliyepata haki yake. Mwimbaji anaonekana ana haraka, mpiga solo anaonekana amechoka, nao wote wawili hawana kosa.

RAMANI YA TEMPO

Dawa yake ni kuiandikia kompyuta ramani ya tempo. Ramani hii ni orodha inayosema: tangu kipimo cha 1 nenda kwa 96, tangu kipimo fulani nenda kwa 128. Kompyuta itaichora gridi upya kufuatana na orodha hiyo, na kliki itabadilika yenyewe wimbo unapofika pale.

Mahali pa kuiandikia hutofautiana kidogo. Katika Cubase na Logic iko njia maalumu ya tempo ambamo unachora mstari unaopanda na kushuka. Katika Pro Tools iko rula ya tempo juu ya njia zote, na ni lazima kitufe chenye alama ya kondakta kiwe kimewashwa, kwani kikizimwa programu hufuata namba moja tu. Hapo ndipo wengi wanapodhani kwamba programu haiwezi. Katika Reaper unaweka alama za tempo juu ya mstari wa wakati. Katika Ableton Live tempo ya wimbo hubadilishwa kwa otomesheni katika njia kuu inayobeba sauti zote. Katika FL Studio, bonyeza namba ya tempo kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha uagize klipu ya otomesheni. Wasio na fedha za kununua programu wanaweza kutumia LMMS, ambayo ni ya bure na hukubali tempo ibadilike katikati ya wimbo.

Mabadiliko ni ya namna mbili, na bendi haina budi kuamua inataka ipi.

Namna ya kwanza ni ya kuruka. Kipimo kimoja ni 96, kinachofuata ni 128. Inafaa pale ambapo wimbo una kituo, kwa mfano magitaa yananyamaza, mpiga dramu anagonga peke yake, kisha wote wanaingia.

Namna ya pili ni ya kupanda ngazi kwa ngazi, au tuseme kama gari linaloongeza mwendo. Katika mfano wetu twaweza kuweka vipimo 4 kati ya kuimba na sebene, ambamo tempo inapanda taratibu kutoka 96 hadi 128. Vipimo hivyo vitachukua takriban sekunde 8.6. Programu nyingi huchora mteremko huu kwa mstari mmoja baina ya alama mbili. Angalieni kwamba kompyuta hupanda kwa usawa kabisa, ambapo bendi ya watu kwa kawaida hujizuia kidogo kwanza, kisha ikaachia mwishoni. Kama mteremko wa kompyuta unasikika kama mashine ya kusaga inayowashwa, wekeni alama mbili tatu katikati mpaka upande jinsi mnavyopanda ninyi.

NJIA YA MPIGA DRAMU

Iko pia njia ambayo haina uhusiano na kompyuta, nayo ni hazina ya wapiga ngoma wetu. Namba 96 na 128 zina udugu: ni kama 3 kwa 4. Mpiga dramu akiligawa pigo la mwendo wa kwanza katika vipande vinne vidogo, basi vipande vitatu vya namna hiyo ni sawasawa na pigo moja la mwendo mpya. Kwa hiyo, katika kipimo cha mwisho cha kuimba, anaweza kuanza kusisitiza kila kipande cha tatu. Wenzake wataanza kusikia sebene ndani ya rumba, na mwendo utakapobadilika utakuwa umekwisha kutangazwa. Kliki itaruka, lakini msikilizaji hataona kuruka.

Twalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha wazi ni nani mwenye ujuzi wa mabadiliko. Namba inaandikwa na fundi kwa dakika moja. Ila namba zipi ziwekwe, na bendi ivukeje kutoka moja hadi nyingine, hilo lajulikana na mpigaji.

TOFAUTI YA NOTI NA SAUTI

Sasa tumefika mahali pagumu, na twawaomba wasomaji wasome polepole.

Ndani ya kompyuta kuna vitu vya aina mbili. Aina ya kwanza ni noti zilizoandikwa tu, kwa utaratibu unaoitwa MIDI, ambao ulianza mwaka 1983 ili vinanda vya viwanda mbalimbali viweze kuelewana. Noti ya namna hii si sauti. Ni amri isemayo: piga do, kwa nguvu kiasi fulani, katika pigo fulani. Ukibadilisha tempo, amri hizo hufuata bila taabu yoyote, kwa kuwa zimefungwa katika mapigo.

Aina ya pili ni sauti yenyewe iliyorekodiwa kwa kipaza sauti: mwimbaji, gitaa, dramu halisi. Hii imefungwa katika sekunde. Kama mwimbaji alitamka neno kwa sekunde 2, litabaki la sekunde 2 hata gridi ikibadilika. Kwa hiyo mkirekodi wimbo wote kwa 112, kisha mkaamua kupandisha sebene hadi 128, kinanda kitapanda lakini gitaa litabaki nyuma, na baada ya vipimo viwili patakuwa na vurugu. Hapo ndipo fundi husema, "Nilisema haiwezekani." Inawezekana. Ila ilipasa ramani iandikwe kabla ya gitaa kurekodiwa.

Programu nyingi zinaruhusu kila njia ichaguliwe kama ifuate mapigo au ifuate sekunde. Mwulizeni fundi wenu kila njia imewekwaje kabla hajagusa namba ya tempo.

KUNYOOSHA NA KUBANA SAUTI

Je, sauti iliyokwisha kurekodiwa yaweza kubadilishwa mwendo? Ndiyo, lakini kwa gharama.

Katika enzi ya tepu, njia iliyokuwapo ilikuwa kuizungusha tepu kwa kasi zaidi. Lakini tepu ikienda kasi, sauti nayo hupanda juu. Kutoka 96 hadi 128 kwa njia hiyo, sauti ingepanda nusu-toni 5, yaani do ingekuwa fa. Mwimbaji mtu mzima angesikika kama mtoto.

Kompyuta inaweza kutenganisha mambo haya mawili. Huikata sauti katika vipande vidogo sana, ikavipunguza au kuviongeza, kisha ikaviunganisha tena ili urefu ubadilike bila sauti kupanda wala kushuka. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Flanagan na Golden, walichapisha mojawapo ya njia za hesabu zinazofanya kazi hiyo. Leo kazi hiyo imo ndani ya karibu kila programu. Hata Audacity, ambayo ni ya bure, inaweza kuchukua sehemu uliyoichagua na kuibadili tempo bila kuigusa sauti yake. Angalieni tu msichague lile agizo jingine la kubadili kasi, maana hilo hufanya kama tepu.

Lakini mafundi wazuri hutumia njia hii kwa kiasi. Badiliko dogo, kama kutoka 96 hadi 98, huenda lisisikike. Badiliko la kutoka 96 hadi 128 hubana sauti mpaka robo tatu ya urefu wake. Hapo mgongo wa dramu huvunjika: lile pigo kali la kijiti juu ya ngozi husikika mara mbili au hufifia, na matoazi hulia kama maji yanayochemka. Gitaa la solo hupoteza makali ya kidole. Kubana kwa namna hii ni kwa dharura, kama vile kiraka cha tairi. Kiraka kitakufikisha nyumbani, lakini hakuna dereva anayenunua gari lenye viraka.

JAMBO LA MWANGWI

Liko jambo dogo ambalo huwasumbua wengi. Mwangwi unaowekwa katika sauti ya mwimbaji au gitaa huweza kupangwa kwa namna mbili: kwa mapigo, au kwa sehemu elfu za sekunde. Katika tempo ya 96, pigo moja ni sehemu 625. Katika tempo ya 128, pigo moja ni kama sehemu 469. Mwangwi uliopangwa kwa 625 utalingana na rumba vizuri sana, lakini sebene ikianza utakuwa unachelewa kwa theluthi nzima ya pigo, na gitaa litasikika kama limekosea. Mara nyingine mpigaji hulaumiwa bure kwa kosa la mwangwi. Dawa ni kuufunga mwangwi katika mapigo, au kuweka mwangwi mwingine kwa sehemu ya pili.

GRIDI IKIFUATA WATU

Mpaka hapa tumesema juu ya watu kufuata gridi iliyopangwa vizuri. Iko njia nyingine, nayo bendi nyingi za zamani zitaipenda zaidi: bendi ipige bila kliki, kama ilivyozoea, kisha gridi ndiyo iwafuate watu.

Hufanywa hivi. Bendi inarekodi wimbo wote kwa pamoja, au dramu, besi na gitaa la ridhimu peke yake. Kisha fundi anasikiliza, na kila mwanzo wa kipimo anaweka alama. Kutoka alama moja hadi nyingine kompyuta inajua sekunde zilizopita, na inakokotoa tempo yenyewe. Hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya: gawa 240 kwa sekunde za kipimo kimoja cha mapigo manne. Kipimo cha sekunde 2.5 ni 96. Kipimo cha sekunde 2.4 ni 100. Mwishoni mnakuwa na ramani inayopumua pamoja na bendi. Kinanda na mashine za ngoma zikiongezwa baadaye zitakaa sawasawa na wapigaji.

Programu kadhaa hujaribu kuifanya kazi hii zenyewe. Logic, kwa mfano, iliongezewa uwezo huo mwaka 2018. Lakini katika muziki wetu, ambao besi hukwepa pigo la kwanza na gitaa huingia katikati ya pigo, kompyuta mara nyingi hudanganyika juu ya mahali kipimo kinapoanzia. Yafaa mpigaji akae karibu na fundi na kumwonyesha. Kwa wimbo wa vipimo 116 kama wa mfano wetu, kazi hiyo si kubwa mno, na kwa kawaida ni nafuu kuliko kurekodi upya.

Wimbo ukichorwa hivi, jambo moja huonekana waziwazi. Yule mpiga dramu aliyeshutumiwa kwamba hatulii, mara nyingi ramani yake inaonyesha ametulia sana ndani ya kila sehemu, na amepanda tu pale panapostahili. Karatasi hiyo ni shahidi wake.

MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KWENDA STUDIO

Kutokana na hayo yote, twatoa shauri hili kwa wanachama:

1. Wakati wa mazoezi, rekodini wimbo kwa simu, hesabuni mapigo ya kila sehemu, na andikeni katika karatasi: sehemu, idadi ya vipimo, tempo, na kama mabadiliko ni ya kuruka au ya kupanda taratibu. Karatasi hiyo isainiwe na kiongozi wa bendi, na mpiga dramu awepo inapoandikwa.

2. Mfikapo studio, ramani ya tempo iandikwe kwanza, kabla ya sauti yoyote kurekodiwa. Sikilizeni kliki peke yake tangu mwanzo hadi mwisho huku mkiimba kwa midomo. Ikiwakwaza, isahihishwe hapo hapo. Dakika 15 za kazi hii huokoa saa nyingi za malipo.

3. Kama mabadiliko ni ya ghafla, ombeni fundi aweke sauti ya kuhesabu katika kliki kipimo kimoja kabla, ili asiwepo wa kushtuka. Kama bado ni vigumu, rekodini sehemu mbili mbalimbali katika kazi ile ile ya kompyuta, kisha ziunganishwe.

4. Mwimbaji na mpiga solo warekodi baada ya ramani kukubaliwa, wala si kabla.

5. Kazi ikiisha, ombeni nakala ya ramani ya tempo. Inaweza kutolewa kama faili ya MIDI, ambayo ni ndogo mno na hufunguliwa na karibu kila programu. Mkihamia studio nyingine hamtaanza upya.

6. Ulizeni mapema nini kitafanywa na vipande mlivyopiga. Gitaa lililorekodiwa kwa wimbo wa 96 laweza leo kubanwa na kutiwa katika wimbo mwingine wa 128 ambao hamkuujua wala hamkulipwa. Sheria ya Uganda ya Haki ya Mtunzi na Haki Jirani ya mwaka 2006 inazitambua haki za wapigaji na waimbaji, wala kubana au kunyoosha sauti hakumfanyi aliyeipiga kuwa mtu mwingine. Mapatano yaandikwe kabla ya kupiga, yakitaja kazi ni ya wimbo upi.

NENO KWA MAFUNDI MITAMBO

Twapenda pia kusema neno kwa mafundi wa studio, ambao nao ni wafanyakazi wenzetu. Tunajua kwamba wengi wenu hulipwa kwa idadi ya nyimbo zinazomalizika kwa siku, na kwamba mwenye studio husimama mlangoni akitazama saa. Namba moja kwa wimbo wote ni njia ya mkato, nanyi hamkuichagua kwa kupenda. Lakini neno "kompyuta haikubali" lisitumike kuficha neno "hatukupewa muda". La kwanza linamlaumu mpigaji asiye na kosa, na la pili ndilo linaloweza kupelekwa mezani mbele ya mwenye studio. Fundi na mpigaji wakikaa pamoja na karatasi ya tempo kabla ya saa kuanza kuhesabiwa, wote wawili wananufaika: mmoja hapotezi kazi yake, na mwingine harudii kazi yake.

Wanachama wenye maswali zaidi juu ya programu fulani waandike kwa halmashauri ya tawi lao, wakitaja jina la programu na sehemu ya wimbo inayowatatiza. Majibu yatatolewa katika toleo lijalo. Na bendi zilizokwisha kuandika karatasi zao za tempo zilete nakala tawini, ili bendi changa zipate mfano wa kuanzia.

Umoja ni nguvu.